Duka Chini, Usingizi Juu

Nyumba yenye duka chini na familia juu inasimama juu ya boriti moja ambayo mteja haioni. Imefunikwa na ubao wenye jina la duka. Juu ya ubao kuna pambo la mbao, na juu ya pambo bamba la risasi la kumwaga maji ya mvua. Hapo ndipo matofali ya ghorofa ya kwanza yanapoanza, safu juu ya safu, hadi kwenye paa. Ukuta wote huo wa mbele, pamoja na madirisha yake, umekalia gogo lililolazwa kutoka ukuta wa jirani huyu hadi ukuta wa jirani yule. Chini ya gogo kuna kioo. Mpita njia anayesimama mbele ya duka la namna hii huko Woolwich, kusini mashariki mwa London, huangalia ndizi za kupika, mihogo, vitambaa na simu zilizotumika, na hata siku moja hajiulizi ni nini kinachozuia nyumba isimwangukie.

Kutojiuliza huko ndiyo sifa ya fundi, na ni yeye ninayetaka kumsifu hapa: seremala na mwashi waliojua kuutoa ukuta wa mbele kutoka upande hadi upande ili mtaa uingie ndani, na waliolala juu wasisikie chochote. Nimetembea sana katika barabara hizi nikiwa nimeinua macho, na kadiri ninavyoyainua ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hakuna jengo la watu wa kawaida linalodai ufundi mkubwa kuliko hili. Kanisa lina nafasi, ikulu ina fedha. Nyumba hii ina upana wa mita tano hivi, jirani kila upande, mwenye mali asiyetaka gharama, na matakwa mawili yanayopingana: chini pawe wazi kabisa, juu pawe na faragha kabisa.

Woolwich ilikuwa mji mdogo wa jimbo la Kent, kando ya Mto Thames, kabla ya kuingizwa katika London mwaka 1889. Mfalme Henry VIII aliweka hapo karakana ya merikebu mwaka 1512. Baadaye yakaja maghala na viwanda vya silaha vilivyopewa jina la Royal Arsenal, ambavyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza viliajiri karibu watu 80,000. Watu wanaotoka kazini kwa wingi huo, na njaa, na mshahara wa wiki mfukoni, wanahitaji duka karibu na mlango wao. Soko la Beresford Square likatanda mbele ya lango lenyewe la Arsenal, na barabara za Woolwich na za jirani yake Plumstead zikajengwa hivyo: duka chini, vyumba juu, mlango kwa mlango, safu nzima ya mtaa ikiwa na watu wanaofanya kazi hatua chache kutoka vitandani mwao.

Na duka mashuhuri kuliko yote katika historia ya mji huo lilianzia ndani ya nyumba. Mwaka 1868 wafanyakazi wa Arsenal, wakiongozwa na William Rose na Alexander McLeod, waliunda chama cha kununua bidhaa kwa jumla na kugawana. Hawakuwa na jengo. Bidhaa zilikaa nyumbani kwa Rose, namba 11 Parry Place, Plumstead, na huko huko zikauzwa. Hizo zilikuwa zama ambazo mnunuzi maskini hakuwa na uhakika wa alichokila: mkate ulitiwa shabu ili uwe mweupe, na sheria madhubuti ya kuzuia uchafuzi wa vyakula na dawa ilikuja mwaka 1875 tu. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, walikuwa wameonyesha njia tangu 1844: wanunuzi wenyewe wawe wenye duka, wauziane kwa uzani wa haki, na faida irudi kwa kila mtu kulingana na alivyonunua. Mtanzania aliyekulia Moshi, ambako chama cha ushirika cha KNCU kiliundwa mwaka 1933, hahitaji kuelezwa zaidi. Ushirika anaujua.

Chumba cha mbele katika nyumba ya mfanyakazi wa Plumstead ndicho kilichokuwa chumba cha heshima. Ndimo kilimowekwa kiti kizuri, ndimo alimokaribishwa mgeni wa Jumapili, na ndimo maiti alimolazwa kabla ya mazishi. Kukitoa chumba hicho kiwe ghala na kaunta, kama ndicho kilichotumika, ni sadaka ambayo mahesabu ya chama hayaiandiki. Tangu mwanzo kabisa chama kilikuwa na nyayo za watu wa mtaa kwenye zulia la mtu, na nadhani uaminifu wa wanachama ulitokana kwa sehemu na jambo hilo. Ni vigumu kumpunja mtu uliyemuuzia ukiwa umesimama sebuleni kwako.

Yaliyofuata ni historia inayojulikana. Mwaka 1872 chama kikaitwa Royal Arsenal Co-operative Society, na mwaka uliofuata kikawa na duka katika Powis Street, barabara kuu ya biashara ya Woolwich. Mwaka 1903 kikafungua hapo jengo lenye mnara, lililosanifiwa na Frank Bethell, mtu wa chama chenyewe, na kwenye uso wake ikasimama sanamu ya McLeod, ambaye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mwaka 1938 likajengwa lingine upande wa pili wa barabara. Lakini jambo linalonigusa zaidi liko mbali kidogo na Powis Street, huko Abbey Wood. Kuanzia mwaka 1900 chama kilijenga katika ardhi yake ya Bostall nyumba zaidi ya 1,000 kwa ajili ya wafanyakazi, kwa mikono ya mafundi wake, na mitaa ikapewa majina kama Rochdale Road na McLeod Road. Duka lililokaribishwa ndani ya nyumba lilikua likajenga nyumba. Na siku hizi lile jengo la 1903 ni hoteli, na lile la 1938 limegeuzwa makazi juu na biashara chini, kwa hiyo hata majumba hayo makubwa yamerudi kwenye desturi ile ya Parry Place.

Sasa nirudi kwenye boriti.

Tuseme nyumba imekwisha kusimama, ya matofali, na mwenyewe anataka chumba cha mbele kiwe duka. Karne ya 19 hilo lilifanyika London kila mwaka, mtaa baada ya mtaa, kadiri barabara za makazi zilivyogeuka kuwa barabara za biashara. Fundi hawezi kuvunja kwanza akafikiri baadaye. Hutoboa matundu ukutani, juu kidogo ya mahali boriti itakapokaa. Katika kila tundu hupitisha mti mnene, nusu nje, nusu ndani, upenye ukuta kama sindano inavyopenya kitambaa. Kila ncha ya mti hupewa nguzo ya kuishikiza, moja barabarani na nyingine chumbani, na chini ya kila nguzo jozi ya kabari za mbao ngumu. Kisha hugonga kabari, moja huku, moja kule, polepole, hadi uzito wa ukuta uache njia yake ya zamani na kuikalia miti. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Akigonga kidogo mno, ukuta utashuka pale chini patakapovunjwa. Akigonga kupita kiasi, atauinua na kuupasua. Hakuna namba iliyoandikwa kwenye kabari. Kuna mkono, kuna sikio, na kuna vumbi la chokaa linaloanza kudondoka kwenye viungo vya matofali.

Ndipo ukuta wa chini unatolewa, tofali moja moja, na kwa muda nyumba inabaki ikining'inia. Mara nyingi watu huendelea kuishi humo. Boriti inapandishwa na ncha zake kukalishwa juu ya vipande vya jiwe. Nafasi nyembamba iliyobaki kati ya mgongo wake na matofali ya juu husindiliwa kwa vipande bapa vya mawe na mota kavu, kwa nguvu, hadi pasipite hata ncha ya kisu. Husubiriwa ishike. Siku ya mwisho kabari hulegezwa kwa zamu ile ile zilivyogongwa, na ukuta huteremka kiasi ambacho jicho halikioni. Kama kazi ilikuwa njema, mpako wa chumba cha kulala hauna ufa, na picha ukutani haijapinda. Fundi huondoka na miti yake, matundu yanazibwa, na hakuna atakayejua tena kwamba nyumba ile iliwahi kubebwa.

Boriti zenyewe zilikuwa za msonobari kutoka nchi za Baltiki, zilizoshushwa na meli kwenye gati za Mto Thames, kabla ya chuma kuchukua nafasi yake. Bunge la Uingereza lilipotunga sheria ya majengo ya London mwaka 1855, liliona boriti hii inastahili kutajwa: kila ncha ikae angalau inchi 4 juu ya nguzo madhubuti ya matofali au mawe, au juu ya mhimili wa mbao au chuma wenye msingi imara. Sheria hiyo hiyo ikasema kwamba uso wa duka katika mtaa usiozidi futi 30 kwa upana usitokeze barabarani zaidi ya inchi 5, na katika mtaa mpana zaidi usizidi inchi 10. Tena ikazuia mbao za duka moja zisikutane na mbao za duka la jirani, isipokuwa pawe na kizuizi cha jiwe, tofali au kitu kingine kisichoungua. Mji uliowahi kuteketea, kama London ilivyoteketea mwaka 1666, hauchezi na mbao zinazogusana.

Mafundi hawakukiacha kizuizi hicho kikae uchi. Wakakipa nguzo bapa, na juu ya nguzo wakaweka kichwa kilichochongwa majani na mikunjo. Katika barabara nyingi za kusini mashariki mwa London vichwa hivyo bado vipo kati ya duka na duka, vimepakwa rangi mara nyingi mpaka majani yake yamefanana na uji. Watu hudhani ni urembo tu. Ni kinga ya moto iliyopewa sura, na hapo ndipo ninapowapenda mafundi wale kuliko mahali pengine popote: sheria iliwaambia waweke kipande cha jiwe, nao wakaona kwamba kipande hicho kiko mbele ya macho ya mtu aliye barabarani, basi wakakifanya kiwe kitu cha kutazamwa.

Kioo nacho kina habari yake. Kodi ya kioo ilifutwa mwaka 1845. Kabla ya hapo dirisha la duka lilikuwa la vipande vidogo vidogo vilivyoshikwa na fito za mbao, na fito hizo, hata zikiwa nyembamba, zilimpa mtazamaji hisia kwamba kuna kitu kinachobeba nyumba. Kioo kikubwa kilipokuwa rahisi, fito zikatoweka. Wasanifu majengo walilalamika kwamba nyumba za London sasa zinaelea juu ya hewa. Hawakukosea kuhusu jinsi zinavyoonekana. Lakini mwenye duka alikuwa amepata alichokitaka, na mzigo wote wa kuaminika ukawa wa boriti na nguzo mbili za pembeni ambazo hakuna aliyeziangalia.

Duka la London lililojengwa na mtu anayeijua kazi lina milango miwili mbele. Mmoja ni mpana, wa kioo, umerudishwa ndani hatua moja au mbili ili mteja asimame bila kunyeshewa huku bidhaa zikimtazama kutoka pande zote mbili. Mwingine ni mwembamba, wa mbao tupu, uko pembeni kabisa, una namba ya nyumba na tundu la barua. Mlango huo wa pili humla mwenye duka karibu mita nzima ya uso wake wa biashara, na wajenzi wengi wabahili waliuacha. Matokeo yake yapo mpaka leo. Ngazi zikianzia ndani ya duka, mama hawezi kumpokea dada yake baada ya saa za kufunga bila kupita katikati ya magunia. Miaka 100 baadaye, familia ikiwa imehama na duka limekodishwa kwa mtu mwingine, vyumba vya juu haviwezi kupangishwa peke yake kwa sababu havina njia. Vinageuka stoo, kisha vinageuka makazi ya njiwa. Uingereza inalia kwa uhaba wa nyumba ilhali juu ya maduka yake mna vyumba vitupu vilivyokosa mlango wenye upana wa mtu mmoja.

Watu wa pwani yetu walilijua tatizo hilo kabla ya kuambiwa na mtu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zina duka linalofunguka moja kwa moja mtaani, kwa milango ya mbao ya kukunja inayoacha uso mzima wazi, na familia iko nyuma au juu. Upana wa duka hauamuliwi na tamaa ya mwenye mali. Unaamuliwa na boriti za mikoko, ambazo hubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu, na zaidi ya hapo hazikubali. Ndiyo maana maduka yale ni membamba na marefu, na mwenye duka aliyeketi katikati aliweza kufikia rafu karibu zote bila kuinuka. Wengi husema alikuwa mvivu. Mimi nasema alikuwa amekaa katika chumba kilichopimwa na mti. Lamu pia, katika barabara ya Usita wa Mui, maduka yameipa kisogo bahari, nyuma ya nyumba za ufukweni, na mtaa wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba duka na duka hutiliana kivuli.

Kilichowashughulisha mafundi wa pwani zaidi ya boriti kilikuwa sitara. Duka linamkaribisha yeyote, mwanamume au mwanamke, anayejulikana na asiyejulikana. Nyumba haifanyi hivyo. Kwa hiyo mlango wa familia unawekwa ubavuni, kwenye kichochoro, na ngazi inapinda mapema ili anayechungulia asione juu. Katika majengo makubwa zaidi kanuni hiyo hiyo ya sitara inaonekana kwa fahari. Mfanyabiashara Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la zahanati yake mbele ya bandari ya Unguja mwaka 1887, akafariki mwaka 1891 kabla haijakamilika. Mwaka 1900 ikanunuliwa na Haji Nasser Nur Mohamed, ambaye aliweka dawa chini na makazi juu. Ile roshani ya mbao iliyochongwa, inayopigwa picha na kila mtalii, ilikuwa mahali pa watu wa juu kupunga upepo bila kukutana na wagonjwa wa chini.

Uhusiano wa Afrika Mashariki na Woolwich si wa kubuni. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, mafundi wengi walioletwa walitoka Punjab, na kati ya Masingasinga waliobaki Afrika Mashariki walio wengi walikuwa Waramgarhia, jamii ya maseremala, waashi na wahunzi. Walijenga steshini, shule, na maduka ya miji midogo ya bara, yale yenye paa la bati, baraza mbele, duka katikati, familia nyuma, na cherehani ya fundi nguo barazani. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, karibu 28,000 walikuja Uingereza. Wengine walikuwa wametangulia kutoka Kenya na Tanganyika. Jumuiya ya Ramgarhia ina gurdwara yake Woolwich, pale Masons Hill, na kwa muda mrefu imekuwa rahisi katika mitaa hii kukutana na mtu mwenye kilemba anayekujibu kwa Kiswahili.

Mzee mmoja wa namna hiyo, aliyejifunza useremala Nakuru kwa baba yake, ndiye aliyenifundisha kuangalia. Tulikuwa tumesimama upande wa pili wa barabara, mbele ya duka lililokuwa limepakwa rangi mpya.

"Usiangalie rangi, dada," aliniambia. "Rangi ni ya mwenye duka. Angalia madirisha ya juu. Yakiwa yamelala katikati, boriti imechoka."

"Na ikichoka, mzee?"

"Tafuta maji. Mzigo hauiui boriti. Inauawa na maji, tena kwenye ncha, pale inapoingia ukutani na hakuna anayeiona."

Tangu hapo siwezi kupita bila kukagua. Lile bamba la risasi juu ya ubao wa jina, ambalo mwenye duka wa sasa huling'oa ili aweke taa, ndilo lililokuwa likilinda ncha zile kwa zaidi ya miaka 100. Likitoka, mvua huingia nyuma ya ubao, hushuka polepole, hulowesha matofali, na msonobari huanza kuoza pale pale kwenye inchi 4 zilizotajwa na sheria ya mwaka 1855. Miaka inapita. Kisha unaona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha. Gharama ya kurudisha bamba ni ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kuibadilisha boriti, na bado sijaona duka lililorudisha bamba kabla ya ufa.

Nyumba hizi hazikuwa pepo, na ningekuwa ninadanganya nikisifu ufundi na kunyamazia maisha. Mwandishi H. G. Wells alizaliwa mwaka 1866 katika nyumba ya namna hii huko Bromley, si mbali na Woolwich, duka la vyombo la baba yake. Jiko la familia lilikuwa chini ya ardhi, na mtoto aliujua mtaa kwa viatu vya wapita njia vilivyoonekana dirishani juu ya kichwa chake. Katika maduka makubwa ya nguo vyumba vya juu vilijazwa wauzaji vijana waliolazimika kulala kazini, kula chakula cha tajiri na kufungiwa mlango usiku. Margaret Bondfield, aliyeanza kuuza dukani akiwa msichana wa miaka 14, aliyaandika maisha hayo kwa miaka mingi, na mwaka 1929 akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Uingereza. Ngazi ile ile inayompeleka baba kwa watoto wake inaweza kumfungia mtu wa mshahara. Seremala hawezi kuzuia hilo. Lakini anaweza kuweka mlango wa pili, na pale alipouweka mtu wa juu alikuwa na ufunguo wake.

Leo mambo ya London na ya Dar es Salaam yanakwenda kinyume. Tangu Agosti 2021 sheria ya mipango ya Uingereza imerahisisha kugeuza maduka kuwa makazi, kwa masharti, bila maombi kamili ya kibali. Katika mitaa ya pembeni wenye mali hutoa kioo, hujenga ukuta mfupi, huweka kidirisha kidogo chenye pazia lisilofunguliwa kamwe, kwa sababu anayelala humo yuko sentimita chache kutoka kwa wapita njia. Boriti inabaki pale pale, imebeba kama zamani, lakini chini yake hakuna tena kilichohitaji kuachwa wazi. Kila nikikuta uso wa namna hiyo uliozibwa nahuzunika kwelikweli, hasa pale vichwa vya majani vilipobaki pande zote mbili vikilinda duka ambalo halipo.

Kwetu ukuta unafunguliwa. Nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, ile ya Magomeni na Temeke, inatolewa chumba cha mbele kiwe fremu, kisha cha pili, na muda si mrefu uso wote wa nyumba ni shata za chuma: duka la Mangi, kinyozi, wakala wa fedha. Hii ni habari njema. Bibi mjane anapata kodi bila kuhama, mtaa unapata sukari usiku, na mtoto anafanya hesabu za shule kwenye kaunta huku akihudumia. Ni Parry Place kila kona. Ila ufunguzi wenyewe mara nyingi hufanywa asubuhi moja kwa nyundo, bila nguzo hata moja ya kuishikiza nyumba, na linta, yaani boriti ya juu ya uwazi, hutafutwa baadaye. Novemba 2024 ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Sichanganyi jengo lile la ghorofa kadhaa na nyumba ya bibi ya Temeke, maana sababu za kila jengo hutafutwa na wenye kazi hiyo. Nasema tu kwamba uzito haujali jengo ni kubwa au dogo. Ukitolewa njia yake hutafuta nyingine.

Mafundi wa kuifanya kazi hii tunao. Nimewaona Dar es Salaam waashi wakisuka nondo za linta kwa uangalifu ambao mkaguzi wa London angeuheshimu, na maseremala wa Unguja wanaobadilisha boriti za mikoko zilizooza moja moja, dari ikiwa juu na mwenye nyumba akiwa ndani. Kinachokosekana ni mwenye nyumba kukubali kulipia siku zile mbili tatu ambazo hakuna kinachoonekana kujengwa: siku ya kutoboa matundu, ya kupitisha miti, ya kugonga kabari. Kwa hiyo, wewe unayetaka kutoa fremu mwaka huu, kabla nyundo haijainuliwa mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole mahali kila ncha ya linta itakapokaa, na itaingia ukutani kiasi gani kila upande. Akijibu kwa sentimita, mpe kazi. Halafu muulize mlango wa nyumbani utakuwa wapi.